Kabla ya kukopa kwa ajili ya mvinyo wa mabibo, onja kwanza



Mikorosho yetu imeanza kutoa maua na simu zimeanza kuingia kama kila mwaka. Nilizoea zile za salfa: imefika, haijafika, nipulize lini. Safari hii zimechanganyika na za aina nyingine. "Bwana shamba, tumesikia mabibo yanatoa mvinyo. Kikundi chetu tunataka kuandika andiko tuombe ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, tununue mitambo. Tusaidie." Ndani ya wiki mbili nimepokea maombi ya vikundi vitatu, kuanzia Jaribu Mpakani hadi Mchukwi, na kimoja kimeshaulizia bei ya matangi Dar es Salaam.

Nitasema ninachoamini, atakayekasirika anisamehe. Mabibo yanatoa mvinyo, hilo halina ubishi. Wenzetu wa TARI Naliendele kule Mtwara wamekuwa wakifundisha kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo kwa miaka sasa. Lakini kikundi ambacho hakijawahi kuonja mvinyo mweupe wa kawaida, wa bei nafuu, kikauweka wa kwake pembeni na kulinganisha bila kujipendelea, hakijafika hatua ya kukopa hata shilingi moja.

Kabla sijaendelea, neno moja la heshima. Wengi wetu Kibiti na Rufiji ni Waislamu na pombe kwetu ni haramu. Simshawishi mtu kuonja wala kuuza kitu ambacho imani yake inamkataza. Huko chini nimeandika kuhusu juisi, na kwa maoni yangu ndiyo biashara ya wengi. Wale ambao tayari wanatengeneza, na wapo, naomba tuzungumze kikazi.

Mwezi uliopita tulikaa Bungu watu tisa na chupa tatu. Nilizifunga magazeti ili mtu asione jina, nikaziandika namba. Ya kwanza ilikuwa mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, wa zabibu aina ya Chenin Blanc. Ya pili Chardonnay ya Afrika Kusini niliyonunua Mbagala kwa bei isiyofika elfu ishirini na tano. Ya tatu mvinyo wa mabibo wa msimu uliopita, uliotengenezwa na kikundi cha kina mama wa huku huku. Katika tisa, watano walionja na kutema kwenye ndoo, maana kuonja si kulewa. Wanne hawakuweka mdomoni kabisa. Waliangalia rangi na kunusa tu, akiwemo mzee mmoja mgema kutoka Salale ambaye maisha yake yote amepanda minazi. Niwaambie ukweli, pua ya yule mzee ilifanya kazi kuliko midomo yetu yote.

Mtauliza kwa nini nilileta Chardonnay wakati tuna Dodoma yetu. Jina hilo hutamkwa "shadone". Ni zabibu nyeupe ya asili ya Burgundy nchini Ufaransa, na leo inalimwa karibu kila nchi inayotengeneza mvinyo. Mwaka 1999 wanasayansi walipochunguza vinasaba vyake waligundua wazazi wake ni wawili: mmoja ni Pinot, zabibu ya heshima, na mwingine ni Gouais Blanc, zabibu ya wakulima wa kawaida ambayo wakubwa waliidharau sana. Yaani mtoto wa mwinyi na mtoto wa mkulima.

Sababu yangu hasa ni nyingine. Zabibu hii yenyewe haina harufu kali. Ikilimwa sehemu ya baridi hutoa ladha ya limau na tofaa. Ikilimwa sehemu ya joto huelekea nanasi na embe. Ikikaa kwenye pipa la mti wa mwaloni hupata harufu kama vanila. Na mtengenezaji akiacha bakteria wageuze ule ukali wa tofaa bichi uwe ukali laini kama wa maziwa, ndipo inapotokea harufu ya siagi ambayo wengine wanaipenda na wengine inawachosha. Sehemu kubwa ya unachoonja kwenye Chardonnay ya bei nafuu ni mikono ya mtu. Nami nilitaka vikundi vyetu vione mikono, maana malighafi tunayo, tena inaozea chini.

Sasa matokeo. Chupa namba mbili, hiyo Chardonnay, haikumshangaza mtu. Rangi ya majani makavu ya mpunga, safi, ukiweka gazeti nyuma ya glasi unasoma. Harufu ya nanasi kidogo na tofaa. Mdomoni ukali wa mwanzo unaoamsha mate, kisha ulaini, kisha imekwisha, haikai ulimini. Mama mmoja alisema haina utamu. Mzee wa Salale alinusa mara mbili, akairudisha mezani: "Hii haina kosa." Hakuongeza neno.

Hapo ndipo naomba mtulie kidogo. Mvinyo wa bei nafuu unaouzika dunia nzima hauuziki kwa sababu ni wa ajabu. Unauzika kwa sababu hauna kosa, na chupa utakayonunua mwezi ujao itafanana na ya leo. Mteja wa baa ya barabara ya Kilwa, au mgeni anayesubiri boti ya Mafia pale Nyamisati, hataki maajabu kwa pesa yake. Anataka asijute.

Namba moja, ya Dodoma, ilikuwa na ukali zaidi, limau na harufu kama ya pera. Watatu kati ya watano walioonja waliipenda kuliko ya Afrika Kusini, na nilipofungua gazeti walicheka kwa furaha, mmoja akadai alijua tangu mwanzo. Hakujua. Walioonja kwa macho makavu kabla sijafunga chupa walikuwa wameshasema ya nje ndiyo bora.

Jambo hili si letu peke yetu. Tarehe 24 Mei 1976 mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa jijini Paris, akawapa Chardonnay za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha majina. Iliyoshika nafasi ya kwanza kwa nyeupe ilikuwa ya Marekani, Chateau Montelena ya mwaka 1973. Wafaransa hawakufurahi. Kwa hiyo mkionja, funikeni chupa. Ulimi wa mtu hudanganywa na lebo, na kwa mvinyo wa kikundi chako mwenyewe hudanganywa na mapenzi. Mnajua wenyewe yanayotokea mgema akisifiwa.

Tuje namba tatu. Nitaisema kama tulivyoionja, na kina mama wenyewe walikuwepo na wameniruhusu.

Harufu ya bibo ilikuwepo, nzuri, kila mtu aliitambua akiwa bado hajafunuliwa. Huo ni mtaji ambao Chardonnay haina, na msiupoteze. Lakini chini yake palikuwa na siki, na juu ya siki harufu kama ya gundi ya fundi viatu. Rangi imekuwa kama chai ya rangi iliyopoa. Mdomoni ukakasi ulishika ulimi na fizi, mtu akabaki anajilamba. Kisha nikafungua chupa ya pili kutoka pipa lile lile: siki kidogo zaidi, ukakasi ule ule, na gesi juu. Chupa mbili za siku moja zimekuwa mvinyo wawili tofauti. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mfanyabiashara anayenunua katoni hawezi kuonja kila chupa.

Haya yote yana chanzo, na karibu yote yanarekebishika bila tangi la mamilioni.

Ukakasi unatoka kwenye tanini za bibo lenyewe. Hauondoki kwa kuongeza sukari, ingawa ndivyo wengi mnavyofanya. India, ambako mabibo yanatumika sana, juisi husafishwa kwa wanga: uji mwepesi wa mchele, au wanga wa muhogo uliopikwa ukapoa, unachanganywa kwenye juisi kabla ya kuchachusha. Tanini hushikamana na wanga na kuzama chini. Unaacha masaa kadhaa mahali pa baridi kisha unamimina juisi ya juu taratibu. Muhogo Kibiti hatununui Dar. Anza na kiasi kidogo kwenye chupa tatu nne, onja, ndipo ufanye ndoo nzima.

Siki na ile gundi ni hewa na uchafu. Mzee wa Salale alilieleza vizuri kuliko kitabu changu cha chuoni. Tembo la asubuhi ni tamu, la mchana limeiva, la kesho yake ni la kutilia kachumbari, na kibuyu kisichooshwa kinaanza hiyo kesho mapema. Ni bakteria wale wale. Wanahitaji hewa kugeuza kileo kuwa siki, kwa hiyo chombo kijae hadi karibu na mdomo, kifungwe, na gesi itoke kwa mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya maji. Kina mama walifunika ndoo kwa kitambaa. Kitambaa kinazuia nzi, hakizuii hewa. Na dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halifai hata likioshwa mara kumi.

Mabibo yenyewe yalikuwa yamelala chini. Bibo likianguka, linaanza kuharibika ndani ya siku moja. Sisi tunasubiri korosho ianguke yenyewe, na tuko sahihi kwa ajili ya korosho, lakini mvinyo unataka bibo lililookotwa asubuhi ile ile, halijapasuka, halijaliwa na mchwa, na likamuliwe kabla ya jua la mchana. Hapo kuna gharama ambayo sijaiona kwenye andiko lolote kati ya yale matatu: ni nani atakuwa akikamua mabibo mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati watu wale wale ndio wanaookota, kuanika na kupeleka korosho chama cha msingi zikasubiri mnada?

Suala la sukari lina hesabu yake. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja hutoa takriban asilimia moja ya kileo. Juisi ya mabibo mara nyingi ina gramu 100 hadi 120 kwa lita, kwa hiyo yenyewe itakupa asilimia 6 au 7. Kiwango hicho ni kidogo kuulinda mvinyo usiharibike. Ukitaka kufika 11 au 12 kwenye ndoo ya lita 20, unaongeza kama kilo moja na nusu hadi mbili, mwanzoni. Kina mama walitia kilo tano, nyingine mwishoni kabla ya kufunga chupa ili iwe tamu, na hamira iliyokuwa bado hai ikaendelea kuila ndani ya chupa. Ndiyo ile gesi. Chupa ya namna hiyo kwenye joto la Kibiti inaweza kupasuka mkononi mwa mteja.

Na joto lenyewe. Kwenye viwanda mvinyo mweupe huchachushwa kwa baridi, mara nyingi kati ya nyuzi 12 na 18, ndiyo maana harufu ya matunda inabaki. Dodoma iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na viwanda vyao vina mashine za kupooza. Sisi huku bondeni mwezi wa kumi na moja tunalala bila shuka. Mnaweza kuvika chombo gunia lililoloa maji na kukiweka kivulini penye upepo, kama tunavyopoza maji ya mtungi. Inasaidia kiasi. Haitawafikisha nyuzi 15, na sitaki mtu awadanganye kwamba itawafikisha.

Jambo moja dogo kuhusu kuonja. Msionje mvinyo ukiwa umetoka kwenye friji. Baridi huficha harufu mbaya, kwa hiyo ule wenye siki utaonekana mzima. Baridi hiyo hiyo huzidisha ukakasi. Onjeni ukiwa na ubaridi kidogo tu, kisha rudini baada ya nusu saa ukiwa umepata joto la chumba. Kosa litajitokeza lenyewe.

Mwenyekiti wa kikundi aliniambia, "Bwana shamba, basi unatukatisha tamaa." Nilimjibu hapana, Mama Mwenyekiti. Nawapunguzia deni.

Maana upande wa soko nao nimeuona kwa wenzetu. Wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wana zao linalovunwa mara mbili kwa mwaka, wana watafiti wa TARI Makutupora mlangoni, wana viwanda, na bado kwa miaka mingi wamelia soko, zabibu zikiiva wakati matangi ya wanunuzi yamejaa. Kama wenye zabibu wanahangaika, kikundi cha watu 15 cha Kibiti kisidhani lebo nzuri itatosha. Zipo nafuu kweli: mvinyo unaotengenezwa kwa matunda ya nchini kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko unaotoka nje. Lakini kabla ya kuufikia huo ushuru kuna leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 1968, kuna TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na kuna stempu za TRA kwenye kila chupa. Anzeni SIDO, wao huwaelekeza wajasiriamali wadogo namna ya kufika TBS. Na kwa yule aliyeniuliza pembeni kama mvinyo ukiharibika anaweza kuutonesha uwe mkali: hiyo ni gongo, ni kosa la jinai, na watu wamekufa. India, jimbo la Goa, wanayo feni ya mabibo inayotambulika kisheria kama bidhaa ya eneo lao tangu 2009, lakini inatengenezwa kwa leseni na watu walioirithi kazi hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa vikundi vingi, msimu huu fanyeni juisi. Ni ile ile iliyosafishwa kwa wanga, ikapashwa hadi nyuzi 85 au 90 kwa dakika chache bila kutokota, ikajazwa kwenye chupa za kioo zilizochemshwa ingali ya moto, ikafungwa. Bibo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa; nyingine itapotea kwenye moto, nyingine itabaki. Miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na mwisho wa msimu wetu, na sijui mfanyabiashara wa Ikwiriri au Bungu atakayekataa juisi safi ya kuuza jioni kwa ajili ya futari. Hamhitaji leseni ya kileo, na kila mwanakikundi anaweza kuionja bila kuuliza mtu. Mengine anikeni, mlishe mbuzi wakati wa kiangazi.

Mvinyo waachieni wachache wenye subira, na wao waanze na ndoo mbili za lita 20. Siyo tangi. Wakiweza kutoa chupa kumi zinazofanana, zikakaa miezi minne bila siki, na watu wasio ndugu zao wakazionja zimefunikwa gazeti kando ya ile Chardonnay ya Mbagala na wakasema hazina kosa, andiko la mkopo nitaliandika nao mwenyewe, hata usiku.

Kina mama wa Bungu wamekubali kujaribu hivyo. Tutakamua kwa mara ya kwanza mabibo yakianza kuanguka mwezi wa kumi, asubuhi saa moja, siku nitaitangaza. Anayetaka kuja kujifunza aje na ndoo nyeupe yenye mfuniko, kitambaa safi cha kuchujia na robo kilo ya wanga wa muhogo. Dumu lililokuwa na mafuta ya taa abaki nalo nyumbani.